Hattie McDaniel na Meza ya Ukutani

Msikilizaji, leo tumtazame mwigizaji msaidizi, yule anayeibeba filamu bila kuwa nyota wake. Mfano wetu ni Hattie McDaniel wa Marekani.

Februari 1940 alitunukiwa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike kwa kucheza mtumishi katika filamu ya Gone with the Wind. Alikuwa Mweusi wa kwanza kupata tuzo hiyo. Lakini usiku uleule, katika hoteli moja ya Los Angeles, aliketishwa kwenye meza ndogo ukutani, mbali na waigizaji wenzake. Hoteli haikuwa ikipokea watu weusi. Hata kiti kile kiliombewa ruhusa.

Sasa, hili linatuhusu nini sisi? Linatuhusu kwa sababu sura tunazozizoea kwenye skrini ndizo tunazowavisha majirani zetu. Baada ya tuzo, Hattie aliendelea kupewa aproni, filamu baada ya filamu. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, alizipinga nafasi za aina hiyo, akiona zinawadhalilisha Weusi. Hoja hiyo ni nzito.

Kwa upande mwingine, na huku ndiko ninakoelemea, mlango uliofunguliwa ulikuwa mmoja tu, na Hattie hakuwa na ufunguo wa mingine. Lawama ni ya wenye studio.

Alifariki 1952. Makaburi ya Hollywood alikotaka kuzikwa yalimkataa.

Je, msikilizaji, katika tamthilia unayoitazama kila jioni, yule anayecheza dada wa kazi, umewahi kumwona akipewa nafasi nyingine?