Jenerali Mahmoud Mohamed: Kofia ya Jeshi na Kitambulisho cha Msomali
(Mawaidha kwa vijana baada ya swala ya tarawehe)

Ndugu zangu, sitawaweka sana, najua kuna daku.

Vijana wengi huniuliza, Muislamu wa Kaskazini Mashariki aweza kufika wapi katika jeshi la Kenya? Mimi huwajibu kwa jina moja: Mahmoud Mohamed.

Hebu turudi Jumapili, tarehe 1 Agosti 1982. Wanajeshi wa anga, wakiongozwa na askari wa cheo cha chini, Hezekiah Ochuka, waliteka kituo cha redio, Sauti ya Kenya. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alilazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Rais Moi alikuwa kwake Kabarak. Sasa, nani aliyeingia kukikomboa kituo? Ni Meja Jenerali Mahmoud, naibu kamanda wa jeshi la nchi kavu, na kikosi kidogo tu. Mambo Mbotela yule yule akasoma tangazo la pili, kwamba serikali ingalipo. Kuishika redio ilikuwa nusu ya vita, maana wakati ule hakukuwa na simu za mkononi, na wananchi waliamini kinachosemwa pale.

Jeshi la anga likavunjwa, likaundwa jipya, na ukamanda akapewa yeye. Mwaka 1986 akamrithi Jenerali Mulinge kama Mkuu wa Majeshi, akakaa miaka kumi hadi 1996 alipomwachia Jenerali Tonje. Nduguye, Hussein Maalim Mohamed, ndiye Muislamu wa kwanza kuwa waziri kamili, mwaka 1983.

Lakini subirini, msishangilie mapema. Februari 1984, wakati Mahmoud akiwa kamanda wa jeshi la anga, wanajeshi waliwakusanya wanaume wa Kidegodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawaacha juani siku kadhaa, bila maji. Serikali ilitaja vifo 57, manusura wanazungumzia mamia kwa mamia. Na mwaka 1989, yeye akiwa ndiye Mkuu wa Majeshi, serikali iliwapanga foleni Wasomali wa Kenya wathibitishe kuwa ni Wakenya, wapewe kadi ya ziada. Yaani jenerali anapigiwa saluti Nairobi, na binamu zake wanaulizwa babu yao alizaliwa wapi!

Wako wanaosema alipaswa kujiuzulu. Wengine husema, angetoka, nani angebaki mezani? Mimi naona cheo cha mtu mmoja, hata kiwe kikubwa vipi, hakikuwa kinga ya watu wake. Wazee wetu waliojipanga foleni ile wanalijua hilo kuliko mimi.

Ule uchunguzi wa ziada wa vitambulisho kwa watu wa kaskazini, Rais Ruto aliufuta Februari 2025, akiwa Wajir. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi tangu jenerali astaafu.