Swaumu na Ugonjwa wa Kujinyima Chakula

Hotuba fupi ya Mratibu wa Miradi kwa kamati za sharika, Qurus, Karatu



Katika mradi wetu wa lishe, mizani ni ya watoto chini ya miaka 5 na mama wajawazito. Binti wa sekondari hapandi mizani hiyo. Ndiyo maana tulichelewa kumtambua binti mmoja wa jirani zetu Waislamu. Ramadhani iliisha, yeye akaendelea kufunga. Jioni tende moja na chai, basi. Wahudumu wetu walimsifu kwa ucha Mungu. Nasi ofisini, kwa kuwa ni Walutheri, tuliona haya kuhoji ibada ya watu. Hedhi ikakatika, kisha akaanguka shuleni.

Tulimsindikiza mama yake kwa sheikhe. Alitueleza kwamba swaumu ni ibada yenye nia yake. Kujinyima kwa kuogopa kunenepa si swaumu. Kurani, sura ya 2, inamruhusu mgonjwa kula na kuzilipa siku hizo akipona; asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku. Sura hiyo hiyo inakataza mtu kujitia katika maangamizi. Hivyo ambaye kufunga kutamletea madhara makubwa, kwake ni haramu. Na ugonjwa wenyewe, alisisitiza, si dhambi. Ni maradhi, na Mtume alihimiza watu watafute tiba.

Wengi tulidhani haya ni mambo ya Ulaya. Mwaka 2007 Kamryn Eddy na wenzake walichapisha utafiti juu ya wanawake na wasichana wa Tanzania, na dalili hizi zilikuwamo. Hata Kwaresima yetu inaweza kumficha binti wa namna hii.

Tunaziomba kamati zisitoe fatwa. La swaumu aulizwe sheikhe, la mwili aulizwe daktari. Wala msimjazie sinia siku ya kwanza: aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa kwa pupa, chumvi za damu huvurugika na moyo unaweza kusimama. Hospitali kwanza.

Wafadhili tumewaomba fungu la kupima mabinti mashuleni. Binti yetu sasa anakula makande, kidogo kidogo. Sheikhe amemzuia kufunga mpaka daktari aruhusu, na siku za kulipa mama yake anazihesabu kwenye kalenda ya ukutani.