Namba Kubwa Isitutishe



Leo tuzungumze juu ya namba moja: 5,383,728. Tuisome pamoja: milioni tano, laki tatu themanini na tatu elfu, mia saba ishirini na nane. Ni idadi ya watu wa Mkoa wa Dar es Salaam katika sensa ya mwaka 2022.

Wengi wetu tukiona namba ndefu tunasema, "Hiyo ni ya wakubwa." Hapo ndipo tunapopunjwa. Namba kubwa ina tabia zake, na ajuaye kujumlisha anaweza kuzijua.

Tazama mwisho wake: 28. Ishirini na nane inagawanyika kwa 4. Kila mia pia inagawanyika kwa 4. Basi namba nzima inagawanyika kwa 4.

Sasa jumlisha tarakimu zote: 5+3+8+3+7+2+8 ni 36. Halafu 3+6 ni 9. Basi namba nzima inagawanyika kwa 9, haibaki kitu.

Kwa nini? Chukua machungwa 10, uyapange mafungu ya tisa tisa. Linabaki 1. Machungwa 100 pia linabaki 1. Basi machungwa 300 yanabaki 3. Kila tarakimu inatuonyesha baki lake. Sisi tunakusanya mabaki tu.

Faida yake ni kukagua jumla. Hizi ni wilaya tano za mkoa wetu katika sensa ile. Pembeni tumejumlisha tarakimu mpaka ikabaki moja:

Kinondoni 982,328: 5
Temeke 1,346,674: 4
Ilala 1,649,912: 5
Ubungo 1,086,912: 9
Kigamboni 317,902: 4

Jumlisha za pembeni: 27, yaani 2+7, ni 9. Na jumla ya mkoa pia ilitupa 9. Zimelingana!

Katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa, siku moja mhazini alisoma jumla, tukapiga makofi. Mama mmoja akasema, "Ngoja kwanza, ndugu mhazini. Juu napata 5, chini napata 4." Tukajumlisha upya. Kumbe mhazini alisahau kubeba 1, na shilingi 10,000 hazikuonekana. Hakuwa mwizi, alikosea. Lakini bila yule mama, hasara ingekuwa yetu sote.

Ila angalieni. Zisipolingana, kosa lipo hakika. Zikilingana, bado kosa laweza kujificha. Mtu akiandika 82 badala ya 28, tarakimu ni zile zile, na njia hii haitamkamata. Kwa hiyo macho nayo yafanye kazi.

Basi ndugu zetu, jioni ya leo fungueni daftari la kikundi mkague jumla moja. Kusoma jina lako ni mwanzo. Kusoma hesabu yako ndiyo kulinda jasho lako.