Wa Hatua ya Nne Nao Wasikike
Msikilizaji, kila Oktoba tunahimizwa kuchunguza matiti mapema. Ujumbe huo ni sahihi, unaokoa maisha. Lakini unamfikiaje mama ambaye saratani yake imeshafika kwenye mifupa, mapafu au ini?

Hiyo ndiyo hatua ya nne. Haiponi, ila inatibika: wapo wanaoishi nayo miaka kadhaa, wanameza vidonge asubuhi kisha wanafungua duka. Baadhi yao wamekuwa watetezi wa wagonjwa wenzao. Mama kama huyo anajua kwamba mgongo unaouma usiku kucha ni wa kumwambia daktari, si wa kukandwa tu kwa maji moto. Anajua pia kwamba kupewa morfini ya kunywa si kukatiwa tamaa.

Sasa, upande wa pili. Wapo wasemao, na wana hoja, kwamba fedha haba zianzie kwenye uchunguzi. Shirika la Afya Duniani linataka zaidi ya asilimia 60 ya wagonjwa wagundulike katika hatua mbili za mwanzo. Sawa. Ila kwetu wengi bado wanafika wamechelewa, na sikubali wahesabiwe kama waliokwishaondoka.

Swali basi: bajeti ya dawa inapopangwa, ni nani pale mezani anayeishi na ugonjwa huu?