Maji Yasukumwayo Ardhini na Tetemeko la Ardhi



Tangu tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9, swali moja limeturudia katika jumuiya zetu za Karagwe na Kyerwa: je, si visima vilivyochimbwa vijijini vilivyoitikisa ardhi? Watu zaidi ya 15 walifariki mkoani Kagera. Mfiwa ana haki ya kuuliza, ila si haki kuisingizia kamati ya maji. Kitovu kilikuwa upande wa Nsunga, Missenyi, yapata kilometa 40 chini. Kisima cha kijiji hakikaribii kina hicho, tena huteka maji, hakiyasukumi chini.

Hata hivyo swali lenyewe si la kipuuzi. Wiki moja tu kabla, tarehe 3 Septemba, tetemeko la 5.8 lilipiga Oklahoma, Marekani. Huko makampuni ya mafuta yalikuwa yakisukuma maji ya chumvi chini sana ardhini, na wataalamu wakalihusisha tetemeko na kazi hiyo. Visima 37 viliamriwa kufungwa.

Miamba ina nyufa za kale. Pande mbili za ufa hubanwa na uzito wa ardhi zisiteleze, ingawa nguvu za dunia huzivuta daima. Sisi majirani wa chemchemi ya moto ya Mtagata twajua kwamba maji husafiri katika nyufa. Yakisukumwa kwa nguvu, shinikizo lake ndani ya ufa huzisukuma pande zake na kuulegeza ule mbano. Ni kama jeki chini ya lori: haiendeshi lori, bali huliondolea gurudumu uzito. Nguvu iliyokwisha kulimbikizwa ndiyo iutelezeshao ufa. Wala kufunga pampu si kupona papo hapo. Karibu na Denver usukumaji ulikoma mwaka 1966. Matetemeko makubwa zaidi yalikuja mwaka 1967, maana maji yalikuwa yangali yakienea.

Basi tutazame kaskazini. Mpango wa mafuta wa Ziwa Albert, Uganda, una visima vya kusukumia maji ardhini, na njia ya bomba lake kwenda Tanga yapita Missenyi. Bomba lenyewe halisukumi maji miambani, nasi hatutabiri maafa. Twadai kipimo. Mitikisiko ipimwe kabla ya kazi kuanza, na matokeo yasomwe hadharani kwa Kiswahili. Pasipo kipimo cha awali, mjane ambaye nyumba yake imepasuka atathibitisha nini mbele ya wakili wa kampuni?

Popote mradi wa namna hiyo utakapoletwa kwetu, viongozi wa walei waulize kwa maandishi: maji kiasi gani, kina gani, nani anapima, na nani atalipa. Nakala ya majibu ibaki parokiani.