Jina Lako ni Mali Yako: Tulinde Orodha za Watu Waliohama

Mazungumzo na familia zilizohama, viongozi na wafanyakazi wa mashirika, Lusangi

 

Leo sitazungumza juu ya unga, mafuta wala maturubai. Nitazungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wenu amekwisha kutoa mara nyingi, nacho ni habari zake. Mtu akikimbia vita na kufika mahali pa usalama, jambo la kwanza analoulizwa ni jina. Kisha anaulizwa kijiji alikotoka, hesabu ya watoto, namba ya simu na kadi ya uchaguzi. Pengine anaombwa kuweka kidole kwenye mashine. Kesho linakuja shirika lingine na kuuliza yale yale. Siku hizi majibu yanaandikwa kwenye simu, simu inayatuma kwenye kompyuta, na kompyuta inayapeleka mbali sana na macho yetu.

Orodha hizo ni za lazima. Bila orodha, msaada unaliwa na wenye nguvu. Lakini tuulize: ni nani anayezilinda?

Hapa katika Kasongo na Kabambare tunajua maana ya vikundi vya silaha. Tunaye mama aliyekwenda kutibiwa baada ya kubakwa. Tunaye kijana aliyeacha bunduki na kurudi kwa wazazi. Tunaye mtu aliyesema mbele ya hakimu yale aliyoyaona. Majina yao yakifika mikononi mwa yule waliyemkimbia, amani yao imekwisha. Tena katika kijiji, hata kuficha jina hakutoshi. Ukiandika “mjane mwenye watoto saba, aliyefika mwezi wa tatu, anayekaa nyuma ya kanisa,” kila mtu amekwisha kumjua.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana upesi. Waganga wanatuambia kwamba mtu aliyebakwa anapaswa kufika kwenye kituo cha afya kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI. Lakini mwanamke akisikia kwamba habari za jirani yake aliyetangulia zilienea sokoni, yeye atabaki nyumbani, na saa hizo zitapita. Hivyo siri moja iliyovuja inaweza kuwanyima matibabu watu wengine wengi.

Nchi jirani zimetupa somo. Huko Rwanda, utawala wa Wabelgiji ulianza kuandika kabila kwenye vitambulisho katika miaka ya 1930. Mwaka 1994, vitambulisho hivyo vilitumiwa kwenye vizuizi vya barabarani kuchagua nani auawe. Walioanza kuandika hawakuwaza mwaka 1994. Habari zinaweza kuishi kuliko nia ya yule aliyezikusanya.

Pia msifikiri kwamba shirika kubwa haliwezi kupatwa. Tarehe 18 Januari 2022, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, tunayoiita CICR, iligundua kwamba wezi wa kompyuta wameingia katika hifadhi yake. Walikuwa wameingia tangu tarehe 9 Novemba 2021. Walifikia habari za watu zaidi ya 515,000: waliopotezana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamaji au maafa, pamoja na watu waliofungwa. Habari hizo zilitoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Wezi walipitia kasoro ya programu moja ambayo dawa yake ilikuwa imekwisha kutolewa, lakini ilikuwa haijawekwa. CICR ilizima mfumo huo, kazi ya kuunganisha familia ikawa ngumu zaidi. Lakini ilifanya jambo la heshima: siku iliyofuata iliutangazia ulimwengu yaliyotokea.

Hatari nyingine inakuja kwa miguu. Vita vilipofika Goma mnamo Januari 2025, bohari za mashirika ya misaada ziliporwa. Anayepora magunia haachi kompyuta.

Basi, ndugu zetu wa mashirika, makubwa na madogo, ninawaomba mambo sita.

Kwanza, kusanyeni kidogo. Kama jibu halibadilishi msaada, swali liondolewe. Msiulize kabila wala dini kwa mazoea tu.

Pili, tenganisheni. Majina yakae mahali pamoja, na visa vya watu mahali pengine, viunganishwe kwa namba. Anayegawa chakula hana haja ya kujua nani alitibiwa nini.

Tatu, fungeni. Kila simu na kompyuta iwe na neno la siri refu, lisilobandikwa ukutani. Mafaili yafungwe kwa programu inayogeuza maandishi yasisomeke kwa asiye na ufunguo. Mwandikishaji akimaliza kutuma orodha na kuhakikisha imefika, aifute kwenye simu yake kabla ya kupanda pikipiki. Akikuta kizuizi njiani, asiwe amebeba kijiji kizima mfukoni. Na kila mnapofika mahali penye mtandao mzuri, wekeni marekebisho mapya ya programu zenu.

Nne, jueni nani ana ufunguo. Mfanyakazi akiondoka, ruhusa yake ifungwe siku hiyo hiyo.

Tano, mradi ukiisha, orodha isiyohitajika tena ifutwe, na karatasi zichomwe. Fomu za watu zisije zikafungia karanga sokoni.

Sita, habari zikipotea au zikiibiwa, waambieni wenyewe upesi ili wajikinge.

Ninyi viongozi wa kamati, ninajua mtaniuliza: “Tukificha orodha, watu hawatasema tunakula msaada?” Ni swali la haki. Orodha ya kugawa chakula inaweza kusomwa mbele ya watu ili kila mmoja ahakikishe yumo, lakini isomwe kwa jina au namba ya jetoni tu, bila simu, ugonjwa wala kisa. Orodha ya waliobakwa, ya wagonjwa au ya vijana waliotoka msituni haisomwi popote. Wala msipige picha ya orodha yoyote na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp. Maji yakimwagika hayazoleki.

Nanyi familia, msijione kama waombaji wasio na la kusema. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa maisha yake ya faragha. Sheria juu ya ubakaji ya Julai 2006 inamtaka hakimu alinde usalama, heshima na faragha ya aliyeumizwa. Tangu tarehe 13 Machi 2023 tunayo pia Kanuni ya Dijitali, yenye sehemu ya kulinda habari za watu. Kwa hiyo, anayewaandika muulizeni kwa adabu:

Habari hizi ni za kazi gani?
Nani mwingine ataziona?
Zitakaa muda gani?
Nikikataa kujibu swali hili, je, nitanyimwa msaada?

Mfanyakazi mwema atajibu bila hasira. Akishindwa kujibu, mna haki ya kungoja mpaka mkubwa wake aje kueleza. Na mkipatanisha jirani na jirani hapa Lusangi, mkumbuke vilevile: aliyewaambia jambo la moyoni amewakopesha, hakuwapa.

Amani haijengwi na watu wanaoogopa kutaja majina yao. Mtu akijua kwamba jina lake liko salama, atakuja hospitali, atakuja mbele ya hakimu, atakuja kwenye meza ya upatanisho. Asiyejua hilo atakaa kimya, na ukimya huo utamfaa yule mwenye bunduki.

Ninawasihi, kabla hamjarudi nyumbani, kila kamati ichague watu wawili, mwanamke mmoja na mwanamume mmoja, watakaouliza maswali hayo manne kila shirika litakapofika na fomu mpya.