Kusikia la Mdogo
Maneno kwa Wakristo na Waalimu wa Sekei



Ndugu wapendwa, nanyi waalimu wenzetu, katika jubilei hii twamshukuru Mungu kwa mengi. Lakini shukrani njema huandamana na kujihoji. Basi twawakumbusha misiba miwili, mmoja wa mbali na mmoja wa kwetu.

Tarehe 28 Januari 1986, huko Florida katika nchi ya Marekani, chombo cha angani kiitwacho Challenger kiliruka, na baada ya sekunde 73 kikavunjika. Watu saba wakafa, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Bibi Christa McAuliffe. Chanzo kilikuwa kitu kidogo: pete za mpira zilizoziba kiungo cha roketi zilikazwa na baridi, moto ukapenya. Usiku uliotangulia mafundi waliozijua pete zile waliwaonya wakubwa wao, nao hawakukubali. Maana pete zilikwisha kuunguzwa katika safari za nyuma, na vyombo vikarudi salama. Wakadhani ya kuwa hatari isiyoua jana haitaua leo.

Msiba wa pili ni wa meli MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 karibu na Mwanza. Ilipasa kuchukua abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Wa daraja la tatu hawakuandikwa. Mamia wakafa, wala hesabu yao kamili haikupata kujulikana. Maskini hakuhesabiwa alipoingia, hakuhesabiwa alipokufa.

Lakini tusiwahukumu wengine. Mwaka mmoja tuliwapakia wanakwaya na watoto katika lori moja kwenda sikukuu. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, tumezidi." Tukamjibu mbele ya wote ya kwamba imani yake ni haba. Akashuka kimya, akaenda kwa miguu. Tulifika salama, tukamcheka. Na safari ya pili tukapakia zaidi. Mungu alitusitiri. Bwana wetu aliposhawishiwa ajitupe toka juu ya hekalu alikataa, asimjaribu Mungu; bali sisi tulikuwa na bahati, tukaiita imani.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, msimamizi asingoje kuambiwa ukweli, bali auulize kwa walio chini yake, wala asimwaibishe ausemaye. Pili, tuhesabu watu wote, hata asiye na kiti. Tatu, nyumbani mwetu tusidharau madogo: kikohozi kisichokwisha, deni liongezekalo kidogo kidogo, neno la mke lililorudiwa mara tatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Twawafundisha watoto ya kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini huko Florida mkuu ndiye hakusikia la mdogo, na waliovunjika walikuwa wengine.

Kwa hiyo leo, mbele ya wale wale waliocheka pamoja nasi, twamwomba radhi kijana yule. Na atakayeona tumezidi tena, aseme. Tutashuka.

Mungu awabariki. Amina.